Jina Lililozikwa Nkololo

KITUO KIDOGO CHA POLISI, MNADANI – BARIADI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Klementina binti Mayige
Umri: Miaka 34
Kabila: Msukuma
Dini: Mkristo, Mkatoliki
Kazi: Kuuza michembe na karanga, stendi ya mabasi
Makazi: Mtaa wa Mnadani, Bariadi mjini
Tarehe na saa ya kuanza kuandika: 20/11/2004, saa 2:40 asubuhi
Mwandishi: Koplo Constantine

Mimi ndiye mwenye jina hilo hapo juu. Nina akili zangu timamu, na nimekuja kituoni kwa miguu yangu bila kuitwa na mtu. Nimekuja kwa ajili ya mwanangu Kabula Josia, umri miaka tisa, mwanafunzi wa darasa la tatu, ambaye hajarudi nyumbani tangu jana Ijumaa. Koplo ameniambia nianze mwanzo na nisirukeruke. Mwanzo wenyewe ni kadi ya matibabu, kwa hiyo naanza na kadi.

Mume wangu Josia alifariki mwaka 2001. Zamani sote wawili tulikuwa vibarua kwenye kinu cha kuchambua pamba. Kinu kikafungwa, wakaja wanunuzi binafsi na magari yao na mizani yao, na sisi tukabaki na kikohozi cha vumbi la pamba. Tangu hapo ninauza michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, pamoja na karanga za kukaanga. Nina mtoto mmoja tu. Tulimwita Kabula kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha, na ni mvua hiyo hiyo inayomtesa.

Kabula ana ugonjwa wa seli mundu. Alipimwa akiwa na miaka miwili. Maumivu humshika kwenye viungo na kifuani, hasa siku za baridi na za mvua, na anatakiwa kunywa vidonge vyake kila siku bila kukosa. Tangu matibabu yawe ya kuchangia, kila akishikwa kulikuwa na kitu kinachotoka ndani kwangu. Redio ilitoka, baiskeli ya marehemu ikatoka, na mwaka jana tulikuwa tunalala chini.

Mnamo tarehe 11/07/2004 uliitishwa mkutano wa mtaa. Tuliambiwa serikali italipia kadi za matibabu kwa kaya maskini za hapa mjini, na wananchi wenyewe ndio watakaotaja nani ni maskini. Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Marcelo, alitaja jina langu na watu wakanyoosha mikono. Si raha kunyooshewa mikono na mtaa mzima, lakini nilisimama ili wanione vizuri na wasije wakabadili mawazo. Mwezi ule ule nikapewa kadi ya njano. Ina picha yangu, na chini yake majina ya watoto yanaandikwa kwa kalamu. Picha za watoto hazikubandikwa. Walisema mpiga picha atakuja, hakuja. Kwangu mimi pameandikwa Kabula Josia tu, na mistari mingine iko mitupu.

Pale kituo cha afya Kabula anajulikana. Faili lake ni nene kuliko la mtu mzima. Tena ana ushanga mweusi mkono wa kushoto, ambao bibi yake mzaa baba alimfunga alipokuwa mchanga na hatujui kama atapona. Punje nyeusi hazikutosha, bibi akaongeza punje moja nyeupe karibu na fundo. Mimi ni Mkatoliki na mtoto amebatizwa, lakini mama mkwe akimfunga mjukuu wake kitu mkononi, wewe humfungulii. Manesi wakiwa na haraka waliangalia mkono kwanza, faili baadaye. Walikuwa wanamwita yule wa ushanga.

Mnamo tarehe 04/10/2004, siku ya Jumatatu, saa 3 asubuhi, alifika kwangu Milembe. Milembe ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Ameolewa kijiji cha Nkololo na Mashimba, mkulima mwenye ng'ombe wachache na maksai wawili wa kulimia. Alikuja na pikapu ya mizigo, amembeba binti yake Nyamizi, miaka minane. Mtoto alikuwa wa moto na macho hayafunguki vizuri. Milembe alisema Mashimba amekwenda Mwanhuzi kutafuta ng'ombe aliyepotea, na yeye ametoka nyumbani mikono mitupu. Kadi hizi ni za watu wa mjini tu, tena mwenye maksai hahesabiwi maskini hata kama anachokula ni ugali na maji. Aliniambia, "Wifi, nisaidie na kadi."

Naomba hili liandikwe kama nilivyolisema. Kwetu mtoto wa wifi yako si mgeni. Akija kwako anakula chungu kimoja na wako na analala mkeka mmoja, na wala hakuna anayeuliza ni wa nani. Kabula na Nyamizi walikuwa kimo kimoja. Kwenye harusi ya mwaka jana bibi mmoja alimpa Nyamizi soda mbili akidhani mara ya kwanza amepita yeye na mara ya pili Kabula. Kwa hiyo sikuona naiba. Niliona namsaidia ndugu.

Nilimvua Kabula sare ya shule nikamvalisha Nyamizi. Kisha nikafanya jambo ambalo Milembe hakuniambia nilifanye. Nilifungua ule ushanga mkononi mwa Kabula nikaufunga mkononi mwa Nyamizi, ili manesi wasipate la kuuliza. Kabula alilia. Nilimwambia kwamba ni kuazima tu, mwenzake akipona utarudi.

Dirishani alikuwa Fredrick, mtunza kumbukumbu. Alisoma kadi, akatoa faili, akamtazama mtoto na kusema amekonda. Nikamjibu ndiyo, anaumwa. Daktari naye alifungua faili, akasoma kurasa za nyuma, akamwuliza mtoto anaumwa wapi. Nyamizi akasema kila mahali. Daktari akasema ni yale yale ya siku zote. Wakamtundikia maji na kumpa dawa ya maumivu. Damu hawakumpima siku ile, kwa sababu faili lilikuwa limekwisha kusema mtoto ana nini.

Mimi nilikuwa nimesimama pale. Mdomo ulikuwa wangu na ningeweza kusema. Niliogopa wakijua watachukua kadi, na kadi ikichukuliwa mwanangu atarudi kwenye kuuziwa vyombo. Nikanyamaza, na Milembe akanyamaza kwa kuwa mimi mwenye kadi nimenyamaza.

Jumanne tarehe 05/10/2004, kama saa 8 mchana, mtoto alianza kugeuza macho. Nesi aliinama akamwita, "Kabula! Kabula, unanisikia?" Mtoto akasema, "Mimi Nyamizi." Nesi akatuambia anaweweseka, tumpepee. Milembe aliniangalia. Mimi niliangalia sakafu. Mtoto akasema tena jina lake, mara mbili, kwa sauti ndogo ya mtu anayemsahihisha mkubwa, na hakuna aliyemjibu. Koplo, sauti hiyo ninayo mpaka sasa, naisikia nikikaanga karanga.

Saa 10 jioni walimpima damu. Ilikuwa malaria, imekwisha panda kichwani. Wakaanza kumpa kwinini. Jumatano tarehe 06/10/2004, saa 4:15 asubuhi, Nyamizi alifariki.

Ili kutoa mwili kilihitajika kibali cha mazishi. Kibali kiliandikwa kwa jina lililo kwenye kadi, yaani Kabula Josia, miaka tisa. Mimi na Milembe tulitazamana, tukakubali. Alitaka mtoto wake akazikwe, hakuwa na nguvu ya kubishana na karatasi. Fredrick alifungua daftari lake, akapiga mstari mwekundu juu ya jina la Kabula, akapiga mwingine kwenye kadi yangu, na kuandika tarehe. Alinipa pole. Alisema alikuwa mtoto mwenye adabu.

Tulizika Nkololo siku ya Alhamisi, tarehe 07/10/2004. Mashimba alikuwa amerudi kutoka Mwanhuzi na kukuta watu wamekaa msiba. Kaburini katekista alichukua kibali akasoma kwa sauti, "Kabula Josia, miaka tisa." Watu wakaguna. Mashimba hajui kusoma lakini ana masikio. Alinisogelea akaniuliza, "Hapa amekufa nani?" Nikamwambia ni Nyamizi. Akauliza, "Na karatasi inasema nani?" Msalaba ukasimikwa bila jina, juu ya udongo wakaweka matawi ya miiba kama ilivyo desturi, kuzuia fisi. Ushanga ulikuwa umebaki mkononi mwa marehemu. Nilikumbuka wakati sanda imekwisha fungwa, na sikuthubutu kumwambia mtu yeyote afungue.

Jumapili tarehe 24/10/2004, nimetoka kanisani, saa 8 mchana, Mashimba alikuja kwangu kwa baiskeli. Alinisalimu, "Mwadila, mayu." Ni salamu nzuri ya kumsalimu mama yeyote njiani. Lakini yeye kwa miaka tisa amekuwa akiniita mama Kabula, na siku ile hakuniita hivyo hata mara moja. Nilimpa maji, hakuyagusa. Alisema ametoka kwa mfumu, yaani mganga, na mfumu amemwonyesha njia ambayo kifo kilipita. Maneno yake yalikuwa haya: "Kifo kilikuwa kinakuja kwako. Ulimvalisha mtoto wangu nguo na jina na ushanga, kikamkuta yeye."

Nilimweleza habari za malaria, na habari za mbu, na vidimbwi vya Nkololo. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akaniuliza swali moja tu. "Daktari alitibu ugonjwa wa nani?"

Simwamini mfumu wala sitamwamini. Lakini daktari alitibu ugonjwa wa Kabula kwenye mwili wa Nyamizi, na hilo nililifanya mimi kwa mikono hii. Mashimba alifika kwenye ukweli kwa njia ya vichochoroni, mimi nilifika kwa barabara kuu, tukakutana mahali pamoja. Ndiyo maana sikumfukuza.

Aliomba kumwona Kabula. Mtoto akatoka, akapiga magoti akamwamkia. Mashimba alimshika mkono wa kushoto, akapitisha kidole pale palipokuwa na ushanga, ngozi bado ina alama nyeupe. Alimwambia amekua. Akapanda baiskeli yake, na kabla hajakanyaga pedali akaniambia, "Jina limezikwa, mwenyewe anatembea. Haliwezi kukaa hivyo." Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningelala usingizi.

Nimeulizwa kwa nini sikuja kituoni siku hiyo. Nimejibu kwamba ningekuja kusema nini? Kwamba mtu amemshika mwanangu mkono na kumwambia amekua? Tena ningeulizwa habari ya kadi, na kadi ndiyo ilikuwa kosa langu.

Mnamo tarehe 02/11/2004, siku ya Jumanne, mvua ilinyesha tangu alfajiri na Kabula akashikwa. Nilimbeba mgongoni mpaka kituo cha afya, nikafika saa 3:30 asubuhi. Fredrick alipoipokea kadi aliutazama ule mstari mwekundu, kisha akamtazama mtoto mgongoni kwangu. Nilimweleza yote kwa sauti ya chini, watu wamepanga foleni nyuma yangu. Alifunga daftari. Aliniambia, "Mama, ukisema hivyo mara ya pili mimi nitapoteza kazi na wewe utafungwa. Subiri uandikishaji wa mwakani." Nilimwuliza mtoto asubirije mpaka mwakani. Akaita namba inayofuata.

Nilinunua vidonge vya maumivu kwenye duka la dawa nikarudi naye. Vile vidonge vyake vya kila siku vilivyokuwa vimebaki kwenye chupa vilikwisha tarehe 09/11/2004. Hesabu hiyo naijua kwa sababu ndiyo nilikuwa naamka nayo. Mpaka leo ana siku kumi na moja hajanywa.

Mnamo tarehe 17/11/2004, siku ya Jumatano, saa 8:30 mchana, Kabula alirudi kutoka shule anacheka. Aliniambia, "Mama, umerudi," akanyoosha mkono wa kushoto. Mkononi kulikuwa na ushanga mweusi.

Kwanza nilidhani ni mwingine, sokoni wapo wanaouza. Nikamvuta mlangoni kwenye mwanga. Punje nyeupe ilikuwa pale pale karibu na fundo. Uzi ulikuwa mpya, uzi wa kushonea magunia, lakini punje zilikuwa zile zile, na kwenye matundu yake kulikuwa na udongo mwekundu mkavu. Kwetu hapa Mnadani udongo ni mweusi. Nilikaa kizingitini.

Nilimwuliza amepewa na nani. Alisema Baba Nyamizi, alikuwa njiani karibu na mashine ya kusaga, na amesema asante kwa kutuazima. Mtoto alikuwa na furaha kwa sababu mimi nilimwahidi utarudi, na umerudi. Nilichukua kisu nikaukata. Alilia kama alivyolia siku ile ya kwanza. Ushanga nimeuleta, uko kwenye karatasi ya gazeti hapo mezani, na Koplo ameuona.

Alhamisi tarehe 18/11/2004, saa 1:30 asubuhi, nilikwenda kwa Mwenyekiti Marcelo. Alisikiliza, akajikuna shingo, akasema hili jambo ni la kifamilia. Niliona kinachomkwaza. Likianza kuchimbwa, orodha yake yote ya kaya maskini itachunguzwa, na humo ndani kuna shemeji yake mwenye duka. Alisema atamwita Mashimba tuketi Jumapili. Jumapili yenyewe ni kesho.

Kutoka hapo nilikwenda shuleni kwa Mwalimu Lucy, mwalimu wa darasa wa Kabula. Nilimwambia asimruhusu mwanamume yeyote kumchukua mwanangu, hata akijiita nani. Mwalimu aliandika kwenye daftari lake mbele yangu. Namheshimu mwalimu yule, alifanya kama nilivyomwambia.

Jana Ijumaa, tarehe 19/11/2004, Kabula alitoka nyumbani saa 12:45 asubuhi. Kulikuwa na mawingu, nikamvalisha sweta la buluu lililoshonwa kiwiko cha kulia kwa uzi mwekundu. Alikuwa bado ananinunia kwa ajili ya ushanga. Alisema, "Ulisema ni wangu." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, na mimi nilimjibu awahi namba shuleni.

Saa 7:40 mchana sikumwona stendi, na kila Ijumaa hupitia kwangu kula karanga. Nilimwachia jirani sinia nikaenda shuleni. Mwalimu Lucy aliniambia mtoto alichukuliwa saa 4:30 wakati wa mapumziko. Nilimwuliza na nani, nilikwambiaje mimi? Akasema hakuwa mwanamume. Alikuwa mama mpole, amejitanda khanga ya msibani, akasema yeye ni shangazi na ametumwa na mama yake ampeleke mtoto hospitali. Tena Kabula mwenyewe alimkimbilia akamkumbatia kiunoni. Mimi nilitaja mwanamume. Sikumtaja Milembe, kwa sababu Milembe na mimi tulikuwa tumelia pamoja kando ya kitanda kimoja, na sikuwahi kufikiri.

Nilipata pikapu ya mizigo, nikafika Nkololo saa 10:20 jioni. Nyumba ya Mashimba ilikuwa imefungwa kwa komeo la nje. Ng'ombe walikuwa bado zizini na ndama wanalia, yaani hawakupelekwa malishoni tangu asubuhi. Baiskeli haikuwepo. Niliita wifi, nikaita Baba Nyamizi, nikaita Kabula. Majirani walitoka wakasimama mbali.

Nilizunguka nyuma ya nyumba kwenye kaburi. Miiba ilikuwa imeondolewa na kupangwa pembeni vizuri, moja juu ya nyingine, kama kuni. Udongo ulikuwa umechimbuliwa na kusawazishwa tena. Na ule msalaba uliosimikwa bila jina sasa ulikuwa na jina. Limeandikwa kwa rangi ya buluu, ile wanayopaka mikokoteni ya maksai. Limeandikwa KABULA JOSIA. Mashimba hajui kuandika, kwa hiyo aliyeandika ni mtu mwingine, ambaye simfahamu. Niligusa herufi ya kwanza, ikanibaki kwenye kidole. Ilikuwa mbichi.

Nilipiga magoti nikaanza kufukua kwa mikono. Majirani wawili walikuja wakanishika mabega. Mmoja wao, mzee Luhaga, aliniambia nitulie, udongo ule ulichimbuliwa tangu Jumatatu, walimwona Mashimba mwenyewe, na siku hiyo hakuna aliyesikia jembe. Lakini hakuweza kuniapia. Alisema tusiguse, tuwaite wenye mamlaka, la sivyo ndimi nitakayeonekana nimefukua kaburi. Nililala kwake. Mvua ilinyesha, na nilihesabu kila tone likimwangukia mwanangu popote alipo. Leo asubuhi lori la kwanza la mkaa ndilo lililonileta hapa.

Nimeulizwa kama nina chuki na Mashimba. Nimejibu sina. Mtoto wake amekufa ameitwa jina la mwanangu, na alipotaja lake akaambiwa anaweweseka. Ningekuwa yeye sijui ningefanya nini. Lakini mimi si yeye, mimi ni mama Kabula, na nataka mwanangu.

Nimeulizwa kama nafahamu kwamba kumpatia mtu matibabu kwa kadi isiyo yake ni kosa. Nimejibu nafahamu. Nikitakiwa kufungwa nitafungwa, nitakuja mwenyewe kama nilivyokuja leo. Naomba tu hilo la kifungo lisitangulie. Kwanza lipelekwe gari Nkololo, kaburi lile lifunguliwe kwa sheria tujue, na kama hayumo atafutwe kwenye njia ya Mwanhuzi ambako Mashimba ana ndugu. Mtoto hana dawa siku ya kumi na moja leo, jana amelala mvuani au kwa watu wasiojua kwamba anatakiwa kupewa maji kila saa. Akianza kulia kwa maumivu watadhani ni kile kifo kinamtafuta, watamwacha kimchukue.

Koplo ameniuliza nina karatasi gani yenye jina la mtoto. Nimempa kadi ya njano, ambayo ina ule mstari mwekundu, na cheti chake cha ubatizo.

Nimesomewa yote niliyoyasema na nimeyakubali kuwa ni yangu, pamoja na yale yanayonitia hatiani. Sina la kuongeza ila kwamba mtoto anaitwa Kabula na yuko hai mpaka mtu anionyeshe vingine.

Sahihi ya shahidi: Klementina Mayige

MAELEZO YA MWANDISHI

Shahidi ametia sahihi mbele yangu leo 20/11/2004, saa 4:05 asubuhi. Maelezo yake yanaeleweka. Nimeona rangi ya buluu kwenye kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia, na udongo mwekundu chini ya kucha. Nimepokea vielelezo vitatu: kadi ya matibabu moja, cheti cha ubatizo kimoja, na ushanga mweusi mmoja wenye punje moja nyeupe, umekatwa.

Saa 4:30 nimewasiliana na kituo cha afya kinachohusika. Nimejibiwa kwamba kwa mujibu wa daftari, mtoto Kabula Josia, miaka tisa, alifariki tarehe 06/10/2004 na kibali cha mazishi kilitolewa kwa mama yake mzazi, Klementina Mayige. Jalada la mtoto aliyepotea haliwezi kufunguliwa kwa jina la marehemu.

Shahidi ameelekezwa arudi Jumatatu tarehe 22/11/2004, akiwa na uthibitisho wa maandishi kwamba mtoto yuko hai.

Koplo Constantine